Tabaka la Tatu

Buffalo, Ijumaa, nyumba imeshatulia

Dodo mwanangu,

Nimeona mizigo yako mlangoni. Nimeona pia lile sanduku la sahani ulilolirudisha jikoni, ukalifungua, ukazipanga sahani kabatini moja moja kama mtu asiye na safari. Mdogo wako Esteri ndiye aliyeuliza, "Sasa huyu anahama ao anahamia?" ukamrushia kitambaa cha vyombo, akacheka, ukacheka kidogo, mimi nikageukia sufuria.

Najua kwa nini umezirudisha. Nilikuwa naanua nguo nyuma ya nyumba wakati ulipokuwa unaongea na Solange kwa simu. Ulimwambia, "Siwezi kumuacha Maman chini ya hii toiture. Tungoje mwaka moja." Mwaka mzima, Dodo! Msichana wa watu amekungoja tangu mlipokutana kwenye kwaya, nyumba ya huko Columbus mmeshapatana na mwenyewe, wazazi wake wameshamwalika mchungaji. Nawe unataka kungoja kwa sababu ya paa la mama yako.

Ndiyo maana naandika. Kila tukianza kuzungumza habari za paa hili tunamaliza kwa sauti za juu, wewe unatoka kwenda kazini Cheektowaga na chakula kimebaki mezani. Karatasi haipandishi sauti. Sitakuambia uvae kofia wala ule asubuhi. Uko na miaka ishirini na mitatu, na Solange anapika kuliko mimi, ingawa sombe yake ina chumvi nyingi. Nataka kukueleza kitu kimoja ambacho sijawahi kukueleza, na ili kieleweke itabidi nianze mbali kidogo.

Ulizaliwa chini ya turubai. Unalijua hilo kwa kuambiwa, mimi nalikumbuka kwa mikono. Kule kambi ya wakimbizi mvua ilipokuwa kubwa, maji yalijikusanya juu ya turubai, likaning'inia katikati kama tumbo la mama mjamzito, juu kabisa ya pale tulipokulaza. Papa yako alichukua mti wa ufagio, akalisukuma polepole kutoka chini hadi maji yamwagike nje. Ulipoanza kusema, ulikuwa unalala chali unayangojea maji yajae. "Sukuma tumbo, Papa!" Ulidhani ni mchezo. Papa yako naye alicheza nawe, ila mara nyingi alibaki amesimama na ule ufagio muda mrefu baada ya wewe kulala. Siku moja aliniambia, "Mutu anaweza kuzoea njaa. Mimi siwezi kuzoea hii kelele ya maji juu ya kichwa ya mutoto."

Halafu Louisville, hapa Amerika. Unakumbuka ile apatimenti yenye zulia la kahawia, na doa lililokuwa kwenye dari ya chumba chetu. Lilianza dogo kama sahani ya chai, likakua. Papa yako alimwambia meneja, wewe ukitafsiri, na meneja akamtuma kijana mwenye brashi. Akapaka rangi nyeupe juu ya doa, akaenda. Papa yako alitazama dari akasema, "Bon. Wamemupaka mugonjwa poda." Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Baada ya wiki chache dari ile iliangukia kitanda chetu. Ile picha moja ya bibi yako, mama yangu, niliyoivusha mipaka nikiwa nimeifunga kifuani, ilikuwa chini ya mto. Ilitoka imelowa, uso umefutika.

Tulidhani watatulipa godoro na nguo. Yule mama wa ofisini alitueleza kwa upole kwamba bima ya mwenye nyumba inalinda kuta zake na paa lake. Vitu vya mpangaji vinalindwa na bima ya mpangaji, na sisi tuliambiwa tuichukue siku ya kusaini, tukakataa kwa sababu tuliona ni pesa ya bure. Picha ya mama yangu isingelipwa na bima yoyote, hilo nalijua. Lakini nilijifunza siku ile kwamba kuna mambo katika nchi hii yanaulizwa mara moja tu, kwa haraka, katikati ya karatasi nyingine, na jibu lako linakungoja mbele ya safari.

Papa yako alijifunza jambo lingine. Alisema hatalala tena chini ya paa asiloweza kuligusa. Watu wetu waliotangulia Buffalo walikuwa wakipiga simu: huku nyumba ni rahisi, huku hata mfanyakazi wa kiwandani ananunua. Ndivyo tulivyofika hapa East Side, kwenye nyumba hii yenye veranda na mlango wa kijani.

Unakumbuka simu ya bima? Benki haikukubali kutoa mkopo kabla nyumba haijapata bima, kwa hiyo tuliketi jikoni, simu katikati ya meza, wewe mwanafunzi bado, mkalimani wetu. Yule mama wa bima aliuliza mengi, ukajibu vizuri. Halafu ukasema, "Papa, anauliza toiture iko na miaka ngapi."

"Umwambie iko muzuri."

"Haulizi kama iko muzuri. Anauliza miaka."

"Haivuje. Toiture yenye haivuje haina miaka."

"Papa! Siwezi kumwambia vile!"

"Basi yule aliyetuuzia alisema nini?"

"Hakusema kitu."

"Donc, sema kumi. Kumi ni muzuri. Si kijana, si muzee."

Ukasema kumi. Yule mama akaandika kumi, na tukapewa bei ya paa la miaka kumi. Hakuna aliyedanganya kwa nia mbaya, mwanangu, wala wewe huna kosa. Ulikuwa mdomo wa papa yako tu. Lakini hatukuuliza kwa nini anataka kujua. Kwetu milimani nyumba haina umri. Nyasi zikichoka juu, unaongeza nyasi mpya juu ya zile za zamani. Nyumba ya babu yangu ilikuwa na paa nene kuliko urefu wa mkono wangu, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lilikuwa la mavuno fulani, la mtu fulani. Paa nene lilikuwa heshima. Ndani kulikuwa na joto, na mvua ya mawe ilipiga juu kama inapiga godoro. Mtu mwenye paa jembamba ndiye aliyeonewa huruma.

Kwa hiyo ile barua ilipokuja baada ya upepo kuondoa vigae kadhaa, ikisema walipita na kupiga picha, paa linaonekana kuukuu, bei inapanda, na tukiweka paa jipya itashuka, papa yako hakuogopa. Fundi wa kwanza alikuja, akataja bei ya kung'oa kila kitu na kuweka upya. Papa yako alivua kofia, akaivaa tena.

"Kung'oa?" aliniuliza yule fundi alipoondoka. "Kwa nini mutu ang'oe? Tutaongeza."

Nami, binti wa yule babu mwenye paa nene, nilisema, "Ndiyo, tuongeze." Sikusita hata kidogo. Usifikiri lilikuwa wazo la papa yako peke yake.

Ile Jumamosi sijaisahau, hata sasa ninapojua yote. Wanaume wa kanisa walikuja na nyundo zao, mzee Elia akiwa mbele na suruali yake ya kazi iliyofungwa kwa kamba. Sisi wanawake tulipika nyuma ya nyumba, bugali na nyama na mboga ya lengalenga. Wewe ulikuwa juu na papa yako, mkipokezana misumari, na vile vigae vyeusi vya lami vilipanda ngazi mabegani mwa watu kama mizigo ya sokoni. Waliimba huko juu. Wapita njia walisimama kutusikiliza. Papa yako alinipigia kelele kutoka kileleni, "Mama Dodo! Ukiona mvua inapita njiani, usiikaribishe chakula!" Sikuwahi kumwona amesimama wima vile tangu tulipoondoka kwetu.

Jioni yule mzee jirani wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa akituletea nyanya, alivuka akatazama juu. Akakuuliza kama mmetoa la zamani. Ulipotafsiri, papa yako alijibu, "Umwambie tumeivalisha koti."

Mzee akatikisa kichwa. Akasema kitu, nawe hukutaka kutafsiri mpaka nilipokusukuma. "Anasema hapa Buffalo, hilo koti litakaliwa na theluji."

Tulicheka. Tuliwaambia watu wa bima kwamba paa sasa ni jipya, tukawatumia risiti ya vigae, na bei ikashuka kidogo. Papa yako aliibandika ile karatasi ya bei kwenye friji pamoja na picha za Esteri za shuleni.

Ilichukua majira mawili ya baridi. Theluji ile kubwa ilikaa juu mpaka mbao zikalia usiku, na masika upepo ukaja ukanyanyua upande wa chumba cha Esteri. Maji yakaingia. Tulipiga simu bila hofu, kwani si tunalipa? Akaja yule mkaguzi mfupi mwenye kutafuna ubani. Alipanda ngazi, akaingiza kisu pembeni mwa paa, akainua ukingo kwa kidole. Nilikuwa nimesimama chini. Nilimwona akihesabu kama mtu anayehesabu mikeka iliyopangwa.

Nawe ukatafsiri, na sauti yako ilikuwa inapungua kadiri ulivyoendelea. Alisema hapa kuna mapaa matatu. Tulikuta mawili tayari, tukaongeza la tatu. La juu ni zuri, lakini lile la chini kabisa ni la zamani sana, limeoza pamoja na mbao zake, na misumari yetu imeshika kilichooza. Tena mji hauruhusu matabaka matatu, kwa sababu ya uzito. Alisema bima inalipa kilichovunjwa na upepo, hailipi kilichochoka chenyewe. Na kwa paa kuukuu namna hii wanalipa thamani ya kitu kuukuu, si gharama ya kununua kipya.

Papa yako alimuuliza, "Sasa lile letu la juu, lenye miaka miwili, halihesabiki?"

Yule bwana aliacha kutafuna. Hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Samahani, bwana. Wanahesabu kuanzia chini."

Walitulipa kidogo, haikutosha hata mbao. Bei ikapanda kuliko ya mwanzo, na barua nyingine ikasema muda ukiisha hawataendelea nasi mpaka matabaka yote yatolewe. Papa yako aliketi kwenye ngazi za veranda na ile barua gotini. Nilimletea chai. Hakusema habari za pesa. Alisema, "Niliona nimemaliza jambo."

Alikuwa anapanga kung'oa wakati wa kiangazi. Kiangazi hakikumkuta. Ile asubuhi alitoka kwenda kiwandani Tonawanda na mkoba wake wa chakula, na mchana wewe ndiye uliyerudi na mkoba. Moyo, walisema. Chakula kilikuwa hakijaguswa. Mpaka leo sijui kwa nini nilikipasha moto nikakiweka mezani.

Haya yafuatayo unayajua, lakini unayajua kwa upande wako. Baada ya matanga, mchango wa watu ulibaki, na mzee Elia akasema mbele ya wote, "Shemeki, hii itengeneze paa." Nikasema ndiyo. Halafu ulileta mafundi, nikawarudisha. Ukaleta wengine, nikasema bei si nzuri. Wa mwisho alikuwa ameshasimamisha ngazi ukutani, nami nikashika mguu wa ngazi nikamwambia kwa Kiingereza changu, "Shuka." Uliona haya, nilikuona. Tukachukua bima ya kampuni nyingine, ghali, isiyolinda karibu chochote juu ya dari, nami nikailipa kila mwezi kwa mshahara wa kuosha wazee. Nawe ukaanza kunipigia simu kutoka kazini kila wingu likipita. "Maman, mvua iko huko? Umeweka beseni?" Ukitoka zamu ya usiku ulipanda darini na tochi kabla ya kulala.

Siku tulipogombana sana uliniambia, "Maman, Papa hayuko juu ya toiture." Nami nilikujibu kwamba wewe ni mtoto wa turubai, utajua nini habari za paa. Niliona uso wako. Neno lile lilikuwa baya, Dodo. Kuzaliwa chini ya turubai haikuwa juu yako, na mimi niliyelishika turubai lile kwa mikono yangu ndiye niliyepaswa kuwa wa mwisho kulisema.

Ulidhani nakataa kwa huzuni, kwa kuwa ni kazi ya mwisho ya mikono ya papa yako. Ni kweli, ila si yote. Esteri anadhani nakataa kwa ubahili. Hapo nako kuna ukweli kidogo. Lakini sababu yenyewe ni hii.

Milimani kwetu, katika ukoo wetu, paa la mtu aliyekufa halivuliwi kwanza na mgeni. Mtoto wake anapanda, anatoa fungu la kwanza la nyasi, anamshukishia mama yake. Mama analipeleka shambani, linaoza, linakuwa mbolea. Baada ya hapo yeyote anaweza kuendelea, hata jirani, hata mpita njia. Baba yangu alipokufa, kaka yangu mkubwa ndiye aliyepanda. Namkumbuka ameshika nyasi nyeusi za moshi mkononi, masizi yamemwangukia machoni, analia na kucheka kwa sababu ya masizi. Mama yangu alilipokea lile fungu kama mtu anayepokea mtoto. Paa lililovuliwa na mgeni kwanza, walisema, ni kama nyumba iliyoporwa.

Wale mafundi ulioniletea walikuwa wageni, na mtoto wa mwenye nyumba ulikuwa wewe. Ningekuambia, ungepanda jioni ileile. Nilikuona umesimama juu ya paa lile siku ya nyundo, na nikawaona baadaye katika ndoto zangu, wewe na papa yako, mmoja anashuka na mwingine hashuki. Nilishazika mtu wa nyumba hii. Na ningesemaje kanisani? Mama wa kamati, mwalimu wa watoto wa Jumapili, anangoja mambo ya nyasi katikati ya Amerika? Kwa hiyo sikutaka mafundi wapande, sikutaka wewe upande, na sikutaka kusema kwa nini. Nilinyamaza, nikalipa bima mbaya, nikaweka mabeseni. Nawe ukaona ni lazima ukae hapa uyamwage.

Leo nilipokusikia ukimwambia Solange angoje, niliona wazi kwamba ninamfanyia mtoto wangu kile kile tulichofanya juu ya nyumba. Basi, hapo tu. Sitaki kuifanya mahubiri.

Sasa nikuambie nilichofanya. Ulipoondoka kwenda kuweka mafuta kwenye gari, nilipiga simu kwa kampuni ya bima mimi mwenyewe. Esteri alikaa kando yangu akininong'oneza, "Mama, usipige kelele, simu si kiziwi." Yule mama wa upande wa pili aliuliza maswali yake, na alipofika kwenye paa, miaka mingapi, nikamjibu kwa Kiingereza changu: matatu. Akauliza, miaka mitatu? Nikamwambia hapana, mapaa matatu. La juu lina miaka mitatu, aliliweka mume wangu. La kati sijui. La chini labda linanizidi mimi umri.

Akacheka, akacheka vizuri, akasema, "Mama, wewe ni wa kwanza wiki hii. Watu wote wananiambia kumi. Kila paa la Buffalo lina miaka kumi."

Esteri alianguka kwenye kochi kwa kucheka. Mimi nilicheka pia, kisha nikajikuta nafuta macho. Yule mama alinieleza polepole: ng'oeni yote mpaka mbao, chukueni kibali cha mji, mtu wa mji akague, mnitumie karatasi ya mwisho na picha. Bei itashuka, na paa likiharibika kwa upepo watalipa gharama ya kuweka jipya, wala hawatalipa thamani ya kuukuu. Nilimuuliza mara mbili ili nisikie vizuri. Kibali fundi wa mwisho alikuwa ameshakichukua siku ile niliposhika ngazi yake. Alikuwa anangoja tu mimi nichoke. Nilimpigia pia. Mchango wa matanga upo wote, sikuugusa. Kuna nafasi kesho, mvua haitegemewi, watakuja asubuhi saa moja.

Na Columbus. Nilikusikia wiki iliyopita ukimwambia Solange, "Kwa ile swali la toiture tutaandika kumi." Nilicheka moyoni na nikaogopa. Usiandike kumi, Dodo. Ile nyumba niliiona katika picha, ina kivuli cha mti mkubwa na kitu cha kijani kinaota upande wa kaskazini. Kigae chenye ukungu kinashika maji. Usiitazame kutoka barabarani. Panda darini siku ya mvua, unajua jinsi ya kutumia tochi. Angalia ukingo kama alivyofanya yule bwana mfupi. Mwombe mwenye nyumba karatasi ya fundi aliyeweka paa, na asipokuwa nayo mwambie mkaguzi wako ahesabu. Kisha piga simu ya bima kabla ya kusaini, usingoje baada. Kama bei ya bima ni kubwa kwa ajili ya paa, anayeuza apunguze bei ya nyumba, ao mtafute nyingine. Unalolijua liseme, na usilolijua sema hulijui. Watakutoza zaidi mwanzoni. Iwe hivyo. Utalala.

Kuhusu kesho, nina ombi moja.

Nimeongea na mafundi. Watangoja kidogo kabla ya kuanza. Hutapanda juu, hilo nimelikataza na mzee Elia atakuja kusimamia. Kuna paa dogo la veranda, lile ambalo Esteri analifikia akisimama juu ya kiti. Papa yako alilimalizia mwisho, jioni, peke yake, na vigae vyake vimepinda kidogo upande wa kushoto kwa sababu giza lilikuwa limeingia na hakutaka kuacha. Mzee Elia atashika ngazi, nami nitashika mguu wako kama mtoto, ucheke ukitaka. Toa kimoja. Nishukishie.

Hakitaoza, najua, lami haiwi mbolea. Nitakiweka chini ya chungu ninamopanda lengalenga kando ya mlango wa jikoni. Mama yangu angeelewa. Mchungaji akiuliza, nitamwambia ni cha kuzuia maji yasiharibu mbao, na hilo pia ni kweli.

Halafu uingie ndani unawe mikono, uzitoe sahani kabatini, uzirudishe kwenye sanduku. Nimeongeza ile ya bluu ya papa yako, imefungwa kwa gazeti. Utakuwa barabarani kabla mafundi hawajafika kileleni, na ni vizuri hivyo, kelele yake itakuwa kubwa.

Mpe Solange salamu zangu, mwambie nimeomba radhi kwa kumcheleweshea mume. Na ukiwa huko, ukaona mawingu yanaelekea kaskazini, usinipigie kuuliza kama mvua imefika. Nitakuwa nimelala.

Mama yako